Tathmini ya huduma: kusawazisha mizani iliyofungwa kwenye lori

Mwenye malori yanayopakia Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuvuka mpaka anajua kwamba uzito wa jumla si hesabu pekee inayotazamwa kwenye mizani ya TANROADS, wakala wa barabara wa Tanzania. Kwa gari la ekseli 6, yaani kichwa chenye difu mbili (ekseli za nyuma zinazosukuma gari) kinachovuta tela la ekseli 3, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye difu na tani 24 kwenye tela. Gari likiwa na tani 49 kwa jumla, lakini tani 20 kati ya hizo zimeangukia kwenye difu, halipiti. Kwa sababu hiyo tulifunga mizani ya sensa za hewa kwenye gari lenyewe, na hapa naitathmini karakana ya jijini iliyotusawazishia mizani hiyo, yaani kuilinganisha isome sawa na uzito halisi; jina naliacha, kwa kuwa nina sifa na lawama pia.

Sensa hizi hazipimi uzito moja kwa moja. Zinasoma presha ya hewa iliyomo kwenye mifuko inayobeba chasisi, kisha kompyuta ndogo inaigeuza presha hiyo kuwa kilo, kwa hiyo chochote kinachobadilisha presha bila mzigo kubadilika kitaleta namba ya uongo. Fundi wao alilijua hilo vizuri. Kabla ya kugusa skrini alilala chini ya tela, akachunguza vavu inayoshikilia kimo cha chasisi, akakuta kijiti chake kimelegea na kukikaza kwanza. Angesawazisha kikiwa vile, kazi yote ingepotea siku ambayo mtu mwingine angekikaza. Alisimamisha gari mahali tambarare, akazuia magurudumu kwa mbao, akaachia handbreki ili ekseli zisibane, akasubiri matangi ya hewa yajae na presha itulie. Kila kundi la ekseli lilipimwa likiwa tupu, kisha likiwa limejaa, kwenye mizani ya biashara yenye stika hai ya Wakala wa Vipimo. Fundi anayeingiza namba za gari tupu peke yake anaiachia kompyuta ibahatishe palepale penye faini, yaani gari likiwa limejaa.

Kasoro ilikuwa mbele. Ekseli yetu ya usukani ina springi za chuma za kawaida, hakuna hewa ya kusomwa, hivyo mfumo hukadiria uzito wake kutokana na uzito wa difu. Usawazishaji ulifanyika matangi ya dizeli yakiwa karibu matupu, na hakuna aliyeuliza. Lita 600 za dizeli ni karibu nusu tani, na sehemu ya uzito huo huenda mbele. Tulipoondoka tumejaza mafuta, skrini ilionyesha tani 7.5 kwenye usukani na mizani ya kwanza njiani ikasoma 7.8. Hatukutozwa chochote, ila nafasi tuliyodhani tunayo haikuwepo.

Cheti cha usawazishaji nacho kilitaja namba ya usajili ya kichwa tu. Kichwa hicho huvuta matela mawili kwa zamu, na kila tela lina mifuko na uzito wake, kwa hiyo namba za moja haziwezi kulifaa lingine. Mfumo una uwezo wa kutunza kumbukumbu za matela kadhaa, jambo tulilolijua baada ya kurudi kulalamika. Kulipishwa tena kwa tela la pili ni haki, maana kazi ilifanywa upya kuanzia gari tupu. Kunyamaziwa siku ya kwanza si haki.

Kazi ijayo nitawapa wao. Nitapeleka matela yote mawili pamoja, matangi yakiwa yamejaa, na malipo ya mwisho yatasubiri cheti chenye namba ya kila tela.