Rubrum, majani ya mapambo ya zambarau: nyota nne kwa nyumba za Dodoma

Kama unakaa Dodoma na umechoka kumwagilia maua ambayo ikifika Septemba yanakauka tu, basi tafuta haya majani. Ni yale marefu ya rangi ya zambarau iliyoiva yenye mikia ya manyoya inayoinama, yanauzwa kwa jina la Rubrum, wauzaji wengine wanasema tu penisetamu. Kwangu yamevumilia kuliko kitu chochote nilichopanda mbele ya nyumba na nayasifia kwa moyo mmoja, ila kuna mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela yako.

Tuanze na kununua maana hapo ndo watu wanapigwa. Wauza miche wa barabarani wanauza kama elfu tano kiriba kikubwa, bei siyo mbaya, lakini kuna mmoja aliniuzia viriba vinavutia kweli kwa macho, nafika nyumbani nashika chipukizi nalivuta kidogo tu likaja lote mkononi, chini hakuna mzizi hata wa dawa, yaani alikuwa amegawa shina akachomeka vipande kwenye udongo akaweka mezani siku hiyohiyo. Huo ni wizi jamani. Kwa hiyo ukifika shika machipukizi karibu kabisa na udongo, vuta taratibu, yakigoma geuza kiriba uangalie yale matundu ya chini, ukiona vimizizi vyeupe vinachungulia beba. Kitalu ninachonunua siku hizi wanakugeuzia wenyewe kabla hujaomba, yule mama anasema "angalia mizizi mwanangu, majani yatakuja tu", na huyo ndo muuzaji.

Halafu usikubali kupewa ya kijani ukaambiwa ni yaleyale rangi tu imetofautiana. Ya kijani ni Cenchrus setaceus, zamani iliitwa Pennisetum setaceum, asili yake ni huku Afrika Mashariki na Kaskazini mpaka Mashariki ya Kati, na kwa uzuri haina shida, shida ni mbegu. Zina manyoya, upepo unazibeba, na upepo wa Dodoma mnaujua, utazikuta kwenye nyufa za baraza, kwa jirani, kwenye mtaro, kila mahali. Kule Hawaii ilipelekwa kama pambo ikatoroka, ikatapakaa mpaka kwenye miamba ya volkano, ikikauka inashika moto kirahisi na ikishaungua inachipua tena kabla ya mimea ya asili, na Umoja wa Ulaya tangu 2017 wameiweka kwenye orodha ya mimea vamizi isiyoruhusiwa kuuzwa. Rubrum ya zambarau mbegu zake karibu zote hazioti, inaongezwa kwa kugawa shina, ndo maana bei yake iko juu kidogo na mi naona ni hela halali kabisa.

Kupanda siyo kazi. Panda mvua zikianza, Desemba hivi, ili ishike mizizi kabla ya kiangazi. Chimba shimo upana mara mbili ya kiriba, changanya udongo na samadi iliyooza kidogo tu, na kama udongo wako ni mfinyanzi unaotuamisha maji ongeza mchanga mwingi, maana jua haliiui hii, maji yaliyosimama ndo yanaiozesha. Acha sentimita 60 mpaka 90 kati ya shina na shina, usiibananishe, ikishiba inafika mita moja na zaidi. Mwanzo mwagilia kila baada ya siku mbili tatu, ikishashika punguza hadi mara moja kwa wiki na wala haitalalamika.

Jua ni la lazima tena la kutwa nzima. Ukiiweka chini ya mwembe ile zambarau inafifia inakuwa kijani cha uchafu, inarefuka na kulala chini. Mbolea ya dukani nayo vilevile, ukiimwagia inanenepa majani inakosa nguvu ya kusimama, mi siweki. Na isikae pembeni kabisa ya njia wanapopita watoto, kingo za majani zinakwaruza.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya Oktoba na Novemba. Kiangazi kikiisha majani ya chini yanakuwa makavu na mikia imechakaa, inabidi ushike panga au mkasi wa uzio ukate yote ubakize sentimita 10 mpaka 15, na hapo hapo ndo unapata nafasi ya kugawa mashina yaliyojaa, mvua zikija uyapande kwingine bure. Inachipua vizuri sana, ila mpaka ichipue mbele ya nyumba panabaki visiki vitupu, kwa hiyo kama una shughuli nyumbani kipindi hicho subiri wageni waondoke kwanza ndo ukate.