Chujio kwanza, taa baadaye: vifaa vya tangi la samaki la nyumbani

Watazamaji wapendwa, karibuni. Hapa mezani kuna tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30, yaani tangi la lita 54, na pembeni yake nimepanga vifaa ambavyo nimekuwa navyo kwa miezi sita hapa Dar es Salaam. Maswali mengi mnayonitumia huanza na taa, mapambo na rangi ya changarawe. Leo naomba tuanze na chujio, kwa sababu hicho ndicho kifaa kinachoamua kama samaki wataishi, nacho ndicho ambacho mnunuzi mgeni huonyeshwa mwisho, wakati pesa imeshamwishia.

Nalisema hili kwa uchungu. Tangi langu la kwanza nililijaza maji asubuhi, nikatia samaki wanane jioni ya siku hiyo hiyo, baada ya kuhakikishiwa dukani kwamba maji yakiwa meupe hayana neno. Siku ya kumi na mbili hakubaki hata mmoja, na maji yalikuwa bado meupe pe. Kilichowaua hakionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yao, kinyesi na mabaki ya chakula yakioza huiongeza, na katika maji machache ya tangi sumu hiyo haina pa kwenda. Bakteria wa kundi moja huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, kisha wa kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wengi huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao huishi wakiwa wamejishikiza mahali, wanahitaji hewa, na katika tangi jipya huchukua kama wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Kwa hiyo ninapolipima chujio lolote, kabla ya kutazama takataka zinazonaswa, hutazama kwanza nafasi waliyopewa bakteria hao na hewa inayowafikia.

Kifaa cha kwanza ni hiki cheusi, chujio la umeme linalozamishwa ndani ya tangi, ambalo kwenye boksi limeandikwa lita 300 kwa saa. Kwa hesabu ya kawaida, chujio linatakiwa lizungushe maji yote ya tangi mara nne au tano kwa saa, kwa hiyo lita 54 zinahitaji kati ya lita 216 na 270, na kwa maandishi ya boksi tumevuka kiwango. Lakini kipimo hicho huchukuliwa chujio likiwa jipya na tupu. Nililipima langu baada ya wiki tatu kwa kukinga maji yake kwenye jagi la lita moja, nami nikaona jagi linajaa kwa sekunde ishirini, ambayo ni lita 180 kwa saa. Nikilifungua mbele yenu mtaona sababu: sponji yake haizidi kiganja cha mtoto, na kidogo hicho huzibwa upesi. Zaidi ya hapo, maelekezo yanataka kifuko cha ndani kibadilishwe kila mwezi, maana yake kila mwezi unatupa sehemu kubwa ya bakteria uliowasubiri kwa wiki kadhaa. Mkondo wake ni mkali pia, na kama unafuga gapi, samaki wadogo wanaozaa watoto hai, vifaranga watavutwa na kunaswa. Nalikubali kwa jambo moja: hunasa vumbi laini vizuri, na maji huwa na mng'ao ambao chujio la pili halifikii.

La pili ni chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, na hili ndilo ninalowashauri. Litazameni kwa karibu: ni sponji nene yenye bomba katikati na kitako kizito cha kulizuia lisielee. Hewa inayoletwa na mpira huu mwembamba hutoka chini ya bomba, mapovu hupanda na kuyapandisha maji pamoja nayo, na maji mengine huingia kupitia matundu ya sponji kuziba nafasi hiyo. Ndani ya maji hakuna mota wala waya wa umeme. Sponji nzima inakuwa makazi ya bakteria, vifaranga huchokoa chakula juu yake bila kudhurika, na mapovu yanapopasuka juu husaidia maji kuvuta hewa. Jambo hili la mwisho lina uzito kwetu sisi wa pwani, kwa sababu maji yakipata joto hupungukiwa na oksijeni: maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 9 kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hubaki na kama 7.6, wakati ambapo samaki mwenyewe, kwa joto hilo hilo, anahitaji zaidi.

Umeme ukikatika, tofauti kati ya machujio haya mawili huonekana wazi. Lile la umeme hufungia bakteria ndani ya kiboksi ambamo maji yamesimama, hewa inawaishia, na baada ya saa kadhaa huanza kufa. Sponji imezungukwa na maji ya tangi pande zote, hivyo hustahimili kwa muda mrefu zaidi, na ukiwa na pampu ndogo ya hewa inayotumia pawabenki, unahamisha mpira tu na kazi inaendelea. Mimi nimefanya hivyo usiku mara nyingi. Kasoro yake ni mlio wa pampu, ambao katika chumba cha kulala unachosha. Nimeiweka yangu juu ya kipande cha godoro na mlio ukapungua sana.

Ukinunua pampu ya hewa, usitoke dukani bila kidude hiki kidogo cha plastiki, valvu ya kuzuia maji kurudi. Pampu ikizimika huku imewekwa chini ya usawa wa maji, maji yanaweza kurudi kupitia mpira mpaka ndani ya pampu, kisha sakafuni. Valvu ina upande wake, na kuijua ni rahisi: ipulize kwa mdomo, na upande unaopitisha pumzi ndio unaoelekea kwenye pampu. Waya wa umeme nao uacheni uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia ukutani, ili tone linaloteremka nao lidondoke chini badala ya kuifikia soketi.

Hita ya wati 50 mnayoiona hapa sikuiwasha hata siku moja, kwa kuwa maji ya ndani mwangu hayashuki chini ya nyuzi 26. Walioko Nairobi, Arusha, Mbeya au Njombe, ambako usiku huwa baridi, wanaihitaji kwa samaki wa maji ya joto, kwa makadirio ya wati moja kwa kila lita. Ichomoeni kwenye umeme na kuiacha ipoe kabla ya kupunguza maji, kwani kioo chake kikiwa cha moto nje ya maji hupasuka.

Kuhusu taa sina mengi. Ya kawaida ya LED inatosha, kwa saa nane kwa siku. Ikizidi, mwani hutawala.

Changarawe inataka uangalifu zaidi, kwa sababu ile yenye vipande vya matumbawe au makombe hupandisha ugumu wa maji, yaani wingi wa madini kama chokaa, na pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho kikipanda uchachu umepungua. Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao kwao maji yana pH inayokaribia 9, hilo ni jema kabisa, na wako wadogo miongoni mwao wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, hivyo makombe matupu kwao ni nyumba. Kwa samaki wa maji laini kama neoni, changarawe hiyo hiyo ni mateso.

Mwisho nioneshe usafi wa sponji, kwa maana hapa ndipo wengi huua bakteria wao kwa mikono yao. Maji ya bomba yana klorini, ambayo iliwekwa kwa ajili ya kuua vijidudu, nayo haibagui. Kwa hiyo nimechota maji ya tangi lenyewe nusu ndoo. Naitoa sponji taratibu ndani ya kifuko ili uchafu usimwagike, naizamisha, naikamua mara moja, mbili, tatu. Angalieni maji yalivyogeuka rangi ya chai ya rangi. Naiacha na wekundu wake kidogo, siifuatilii mpaka iwe kama mpya. Naishindilia tena kwenye bomba, nairudisha kwenye kona yake, nachomeka pampu, na mapovu hayo yameanza kupanda.