Miaka minne na trekta la hosipawa 50 kwenye ekari 90 za Sikonge, Tabora

Trekta la kwanza nililiuza baada ya misimu miwili, deni lake likiwa halijaisha. Lilikuwa la mtumba, hosipawa 75, tairi za nyuma zinanifika begani, na kulima lilijua kweli. Ekari 22 tunazopanda mahindi, karanga na alizeti lilizimaliza kwa siku sita. Ila shamba lina ekari 90, na baada ya siku hizo sita mwaka mzima bado unakusubiri.

Zilizobaki ni miembe, kipande cha mbuga ya udongo mweusi tunacholima mpunga, na msitu wa miombo wenye mizinga yetu ya nyuki. Kuna barabara ya kilomita tatu kutoka njia kuu, ambayo mvua za Novemba hadi Aprili huichimba kila mwaka kana kwamba hatukuigusa. Kuna njia za moto za kufyeka kabla nyasi hazijakauka. Kuna maji ya kusomba, kuni, matofali, magunia. Nilipofungua daftari la dereva nikajumlisha saa, kulima hakukufika hata sehemu moja ya kumi ya kazi ya trekta. Nilikuwa nimenunua mashine ya kazi ya wiki moja.

Lililoniumiza zaidi ni klachi, kitu ambacho wakati wa kununua sikukiuliza kabisa. Klachi yake ilikuwa moja. Ukiikanyaga, trekta linasimama na PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, nayo inasimama. Kwenye plau hilo halina shida. Lakini funga mashine ya kufyekea, ingia kwenye nyasi za kimo cha mtu, uone. Nyasi zinakuwa nzito, dereva anakanyaga klachi ili zile zilizo chini ya mashine zikatwe kwanza, na visu navyo vinapungua kasi, nyasi zinajisokota kwenye shafti. Na kinyume chake ni hatari zaidi: visu vizito vikishashika kasi vinarudisha nguvu kwenye gia boksi, trekta linaendelea kusogea hata mguu ukiwa kwenye klachi. Siku moja lilisukuma mzinga chini ya mti namna hiyo. Dereva wangu, mzee aliyeendesha matrekta ya tumbaku Urambo tangu ujana wake, alishuka akaniambia, "Mama, hili ni la kulima. La kufyeka ni jingine." Aliyeniuzia hakuwahi kulitaja hilo, nami sikujua la kumuuliza.

La pili ni Massey Ferguson 240, nalo la mtumba, injini ya Perkins ya silinda tatu, karibu hosipawa 50. Lina klachi mbili kwenye pedali moja: ukikanyaga nusu, trekta linasimama na visu vinaendelea kuzunguka, ukikanyaga hadi chini, vyote vinasimama. Jambo hili moja limenipa amani kuliko hosipawa zote 25 nilizopoteza. Mashine ya kufyekea ya futi tano inalitosha. Njia za moto tunazifyeka Mei mpaka mwanzoni mwa Juni, nyasi zikiwa zimeanza kugeuka rangi lakini hazijawa kiberiti, halafu tunapitisha haro, zile diski za kuvunja udongo, mara mbili ili udongo ubaki wazi. Mwaka jana moto ulitoka upande wa mashariki ukafika kwenye mkanda wetu ukafa hapo, na mizinga yote ikapona. Nilisimama pale hadi usiku nikitazama vijinga vikizimika kimoja kimoja, na sikuona aibu kulia.

Kuhusu mizinga, ushauri mmoja: nyuki hawapendi mtetemo wa injini. Sehemu zilizo karibu nao tunafyeka jioni, na dereva amevaa vazi la kujikinga na nyuki. Mbung'o nao hufuata chochote kinachotembea, na mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi, kwa hiyo vazi la bluu nimelipiga marufuku juu ya trekta.

Wanaouliza kama hosipawa 50 zinatosha kulima huku, jibu langu ni ndiyo kwenye mchanga wetu, kwa plau ya diski tatu, ukikubali kwenda taratibu. Ekari 22 sasa zinachukua siku tisa au kumi. Chagua diski, achana na plau ya jembe la kugeuza. Mashamba yetu yametoka kwenye miombo juzi tu, visiki viko chini hata pale unapoona pamesafishwa, na diski ikikutana na kisiki inapanda juu yake na kupita. Jembe la kugeuza linang'ang'ania, na hapo kinachokatika ni chuma.

Mbugani ni habari nyingine. Ule udongo mweusi ukilowa, trekta linalovuta kwa tairi mbili za nyuma tu linachimba kaburi lake lenyewe, na lile zito la kwanza lilizama mpaka ekseli tukalikokota kwa ng'ombe na majirani. Hili jepesi linasaidika kwa difu loku, inayozifunga tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja, ila nimejifunza kuingia mapema, mvua za kwanza zikiwa zimelainisha tu. Mwenye shamba ambalo nusu yake ni mbuga asinisikilize mimi. Atafute linalovuta tairi zote nne na akubali gharama ya tairi za mbele zinazolika barabarani.

Wepesi una upande wake mbaya: trekta linateleza likivuta plau. Badala ya kununua vizito vya chuma tulitumia maji. Unageuza tairi la nyuma mpaka mdomo wa upepo uwe juu, unajaza maji hadi usawa huo, kama robo tatu ya tairi, kisha unamalizia na upepo. Wenzetu wa nchi za baridi hulazimika kuyatia chumvi maalumu yasigande. Sisi kisima kinatosha.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nimeona jirani akizikwa. Gogo au kisiki lifungwe chini, kwenye baa ya kuvutia, chini ya ekseli. Usifunge mnyororo juu, pale unapofungwa mkono wa tatu, ule wa juu, unaoshika plau, hata kama gogo linaonekana jepesi. Kisiki kikigoma na mnyororo uko juu, tairi za nyuma zinashika ardhi na pua ya trekta inanyanyuka. Kabla mguu haujaifikia klachi limeshamlalia dereva. Letu halikuja na chuma cha kinga nyuma ya kiti. Nilimwagiza mchomeleaji akitengeneze, na fundi wangu akakikataa: bomba laini linajikunja kama muwa. Tulisubiri miezi miwili tukapata cha kweli, pamoja na mkanda wa kiti.

Vipuri ndivyo vilivyomaliza ubishi nyumbani juu ya trekta lipi linatufaa. Lile la kwanza lilipokufa pampu ya haidroliki, tulikaa wiki saba tukisubiri kifaa, katikati ya msimu. Kwa hili, filta, sahani za klachi, sili na injekta navipata Tabora mjini, na fundi wa pikipiki pale kijijini anaijua nusu ya injini yake. Kabla hujapenda rangi ya trekta, panda basi uende mjini uulize maduka matatu kama wana sahani ya klachi yake.

Kero ya kila siku ni mbegu za nyasi. Zinajaa kwenye wavu wa rejeta ndani ya saa mbili za kufyeka, mshale wa kipimo cha joto unapanda. Dereva anasimama na kuzipiga brashi, na eya klina inaangaliwa kila asubuhi wakati wa kiangazi. Aliyezembea hapa ndiye utakayemkuta anatafuta kichwa cha silinda.

Siku ya kulinunua tulifika alfajiri bila kutoa taarifa, na fundi akaanza kwa kugusa injini: ilikuwa ya baridi, kwa hiyo hakuna aliyeipasha moto kabla yetu. Iliwaka kwa mara ya pili, moshi ukatoka mweusi kidogo ukasafika. Kisha akainua plau juu kabisa, akazima, akaweka jiwe la alama usawa wa diski, tukaenda kunywa chai na vitumbua. Tuliporudi baada ya nusu saa plau ilikuwa imeshuka vidole viwili tu, yaani haidroliki bado inashikilia. Akanitazama, akasema, "Mama, lipa."