Kabureta ya Yamaha Enduro 40 ya zamani: nimepima kopi, used na jenuini, huu ndo uzoefu wangu

Wakuu habari zenu. Naandika kwa ajili ya wenye mashine za boti za Enduro 40 za stroku mbili, zile za silinda mbili cc 703, ambao kabureta zao zimechoka na wanahangaika wanunue ipi. Mimi nilipokuwa natafuta kila mtu alikuwa anavutia kwake, muuzaji anakwambia kopi na jenuini ni kitu kimoja, fundi anakwambia osha tu itakaa, mwenzio wa pwani anakwambia kuna mashine imekufa kwa fulani kachukue ya kule.

Boti yangu ni ya fiba, ipo Kilindoni, Mafia. Navua na msimu wa papa potwe nabeba wageni, na hii kazi ya potwe ndo imenifanya niwe mkali kwenye suala la kabureta. Potwe humwendei kwa kasi, unasogea taratibu, unaweka nyutro, wageni wanashuka majini, mashine ikae sailensa ya chini, yaani ingurume taratibu bila kuongezewa moto, bila kuzima, na ukiizima wewe mwenyewe iwake kwa kuvuta kamba mara moja. Sasa ya kwangu ukifungua moto wote inakwenda vizuri tu, ukishusha inakata. Petroli inachuruzika chini ya kabureta, kava ukifungua harufu inakupiga, na dumu linaisha kabla ya safari.

Kabla hujatoa hela hakikisha kwanza ugonjwa upo kwenye kabureta kweli. Mashine ikianza kukata, mtu abonyeze pampu ya mkono ya kwenye mpira wa mafuta, ikipona hapohapo basi angalia pampu ya petroli, mipira na viungo vyake, yaani mafuta hayafiki. Ya kwangu ukibonyeza ndo inazidi kufurika petroli. Tukaifungua, bakuli la chini limejaa unga mweupe wa chumvi na alumini iliyolika, kiti cha sindano, yaani pale sindano inapokaa kuziba petroli, kina vishimo, na shafti ya batafulai, kile kisahani cha kwenye koo kinachofungua na kufunga, ukiishika inacheza kushoto kulia. Hapo repea kiti, ile seti ya vipuri vidogo vya kukarabatia, haisaidii! Kiti inakupa gaskiti, sindano na vikorokoro vingine, haikurudishii bodi iliyolika, na shafti ikicheza pale pembeni inavuta hewa ambayo hakuna skrubu ya kuirekebisha. Kama bodi yako bado nzima na shida ni gundi ya mafuta yaliyolala basi osha, weka kiti, endelea na maisha, usinunue kabureta.

Namba. Dukani ukisema "nataka kabureta ya 40" utapewa chochote, maana Yamaha 40 zipo za aina nyingi, kuna ya silinda tatu yenye kabureta tatu, kuna zinazotumia mafuta ya taa, na hii yetu yenye kabureta moja inayolisha silinda zote mbili. Angalia kibati kwenye breketi ya kufungia mashine, hii yetu ni E40X, namba yake inaanza na 66T, na kabureta yake namba inaanza 66T-14301. Piga picha kibati nenda nacho. Mi nilibeba na kabureta mbovu yenyewe, nikaiweka kaunta pembeni ya mpya, nikalinganisha tundu la koo, matundu ya bolti, mkono wa batafulai unapokaa na upande linapoingilia petroli.

Kopi niliyopewa kwanza bei yake ilikuwa chini ya robo ya jenuini na kwa macho inang'aa kuliko hata jenuini. Nikaomba kuifungua palepale, muuzaji hakupenda ila alikubali. Ndani ya bakuli kuna vinyuzi vya chuma vilivyobaki kiwandani, ukikwaruza na kucha vinatoka, sasa vile vikishuka kwenye jeti, kile kitundu kidogo kinachopima petroli, si ndo mwisho wa safari? Jeti kubwa haikuwa na namba kabisa wakati ya kwangu ya zamani namba inasomeka. Nikafunga batafulai nikaielekeza juani, mwanga unapita upande mmoja kama mwezi mwandamo, maana yake hiyo sailensa hutaipata hata uzungushe skrubu mpaka usiku. Nikapuliza kwa mdomo pale linapoingia petroli, ikiwa wima hewa ipite, ukiigeuza juu chini floti, lile boya la ndani ya bakuli, inakaa kwenye sindano na hewa ikate. Ile ilikuwa bado inavuja kidogo.

Kuna watu watasema mbona wanatumia kopi na wanaenda. Ni kweli, na wengine wanahamisha jeti za zamani wanaziweka kwenye kopi, wanarekebisha floti, inatulia. Ila tukumbuke stroku mbili oili inaingia na petroli. Jeti ikipitisha mafuta kidogo, mashine inapata joto kali na oili kwa wakati mmoja inapungua, hapo ndo pistoni inashika, na hela uliyookoa inaondoka na silinda. Kwenye kabureta ya pikipiki utasukuma mpaka nyumbani, baharini kusi limevuma unasukuma nini?

Used nilizoziona zilikuwa jenuini kweli lakini zina ugonjwa uleule wa shafti, zimetoka kwenye mashine zilizokaa chumvini kama yangu. Ukibahatika na nzima chukua, mi sikubahatika.

Nikaagiza jenuini. Bei inauma na ilibidi kusubiri. Nilichokipenda: batafulai inafunga kabisa, jeti zina namba, sindano inakata hewa vizuri. Nisichokipenda: gaskiti ya pale kabureta inapofungwa kwenye mashine (manifodi) haikuja nayo, inanunuliwa peke yake, kwa hiyo iagize pamoja, usirudishie ile ya zamani iliyokauka.

Kujaribu usijaribu ufukweni kwenye pipa la maji ukaridhika. Boti iwe na mzigo, moto wote kwa muda, kisha zima ukiwa hapohapo kwenye moto, toa plagi. Zikiwa rangi ya kahawia uko sawa, zikiwa nyeupe zimekauka mafuta ni kidogo rudi haraka, zikiwa nyeusi zimelowa mafuta yamezidi. Za kwangu zilitoka kahawia, sailensa imekaa, na petroli inayobaki kwenye dumu nikirudi naiona kwa macho.

Ushauri wangu kwa anayebeba abiria au anayetoka nje ya mwamba, nunua jenuini hata kama itabidi uchangishane na mwenzio. Kwa boti ya kuvuka mkondo mfupi karibu na nyumbani, kopi iliyokaguliwa na kuwekewa jeti zenye namba sahihi siwezi kukukataza.

Na ikishafungwa itunze. Petroli ya visiwani tunaipata kwenye madumu, maji hayakosekani, weka filta ya kutenganisha maji. Ukijua boti italala siku nyingi, chomoa mpira wa mafuta mashine iunguze yaliyobaki, halafu fungua ile skrubu ya chini ya bakuli umwage, maana petroli inakauka inabaki oili, na oili hiyo ndo inageuka gundi kwenye jeti ndogo ya sailensa. Skrubu ya sailensa kabla hujaitoa, izungushe kwenda ndani mpaka iguse kidogo tu bila kuikaza, hesabu mizunguko uandike mahali.