Wakili aliyemkatalia mama: uzoefu wangu wa kuandikisha wosia Tanga

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa kosa la uchapaji, nitalieleza.

Mama yangu ni mjane, Muislamu, ana watoto watano wa kuzaa na mmoja wa kulea aliyemchukua akiwa mchanga. Huyo wa kulea ndiye anayempikia na kumpeleka hospitali. Kwa sheria ya Kiislamu hamrithi. Mama akaamua nyumba yote iwe yake, basi. Jirani akatuelekeza kwa wakili mmoja hapa mjini, 150,000 kazi nzima.

Nilidhani ni suala la nusu saa. Wakili akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, hivyo siandiki." Mama akavuta mtandio, nikajua kumekucha. Kumbe jamaa alikuwa hajamaliza. Akachukua karatasi, akauliza mali moja moja. Nyumba tukaikadiria milioni 30, shamba la michungwa Muheza milioni 40. Jumla 70. Wosia mwisho wake theluthi, tena baada ya kutoa gharama za mazishi na madeni: milioni 23 na ushee. Nyumba inazidi, na kilichozidi hakipiti mpaka warithi wenyewe waridhie mama akishafariki. Akataja hiba pia, ila hiba unamkabidhi mtu mali ungali hai. Mama akasema mwenye nyumba bado ni yeye.

Mwishowe wosia haukutaja kiasi cha fedha. Ulisema theluthi ya mali yote, na ianzie kwenye nyumba, maana bei ya leo si ya mwakani. Kwa sentensi hiyo moja nilikuwa tayari kulipa hata mara mbili. Fomu za kujaza mwenyewe nilizowahi kuziona zinataka majina na sahihi tu, hazikuulizi umezidisha au hujazidisha.

Sasa kosa, lilikuwa kwenye jina la mama. Hati ya nyumba inasema Salehe, kitambulisho cha NIDA kinasema Saleh, wao wakachapa Swalehe! Aliyewahi kufuatilia mirathi mahakamani anajua herufi moja inavyokuzungusha na viapo vya majina. Nililigundua mimi, wao hawakuliona, na kulirekebisha kukachukua wiki nzima. Wakili alitaka pia wosia ubaki ofisini kwake. Kaka akakataa, tukaupeleka RITA, wakala wa serikali ambao wanahifadhi wosia.

Siku ya kusaini wakili alimsomea mama kila kifungu kwa sauti, mashahidi wawili wasio na fungu lolote wakisikiliza. Kufika kwenye madeni mama akamsimamisha: anadaiwa 40,000 duka la vitambaa, iandikwe. Ikaandikwa kwa mkono, wote wakatia sahihi pembeni.

Kesho yake asubuhi akaenda kulilipa lile deni. Jioni ananiuliza kama itabidi turudi kwa wakili kulifuta.