Shotcut kwenye laptopu ya mtumba: si mbovu, ila ina tabia zake

Hela ya korosho ikishaingia mifukoni, harusi za Mtwara na Masasi hufuatana, na wahariri wa video wanaotumia laptopu za mtumba huanza kuilaani Shotcut, programu ya kuhariri video kwenye kompyuta. Wanaionea. Ni ya bure, haibandiki nembo yake juu ya kazi ya mteja, na ukishaipakua haidai bando. Lawama nyingi ni za klipu zenyewe, au za flashi.

Kosa la kwanza hufanyika kabla hujakata chochote. Video Mode, yaani ukubwa wa picha na idadi ya fremu (picha moja moja) kwa sekunde, ikiachwa kwenye Automatic, mradi mzima hufuata klipu ya kwanza. Ukianza na kipande alichorusha shangazi wa bi harusi kwa WhatsApp, hata picha safi za kamera zitatoka na ukungu uleule. Ingia Settings, Video Mode, chagua 1080p yenye fremu 25 au 30 kufuata kamera yako, ndipo uingize klipu.

Picha ikikwamakwama unapoangalia, mara nyingi simu imerekodi kwa H.265, njia mpya ya kubana video. Faili linakuwa dogo, lakini prosesa ya zamani hutoka jasho kulifungua. Weka Preview Scaling, yaani ukubwa wa picha unapoangalia tu, kwenye 360p. Bado? Washa Proxy kabla ya kuingiza klipu: itatengeneza nakala nyepesi za kukatia, na video ya mwisho itatoka kwenye faili halisi.

Sauti kuachana na picha ndiyo kero kubwa, hasa kwenye ngoma. Mwanzoni mkono wa mpiga ngoma na mlio vinakwenda pamoja. Dakika ya ishirini mlio uko kwake, mkono uko kwake. Simu haishiki idadi moja ya fremu kwa sekunde. Usiku, mwanga ukiwa hafifu, huzipunguza. Shotcut ikigundua hilo huuliza kama ibadilishe klipu iwe rahisi kuhariri, na wengi hubonyeza hapana kwa haraka. Kubali. Kiwango cha chini kabisa cha ubora kwenye dirisha hilo kinatosha kwa harusi. Cha juu kabisa kitakujazia diski kabla hujafika kwenye keki.

Kwenye kutoa video iliyokamilika (Export) ndipo ninapoipunguzia maksi. Ikishindwa, inakwambia tu kazi imeshindikana. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kazi hiyo kwenye Jobs, fungua View Log, soma mistari ya mwisho. Kisha ondoa alama kwenye Use hardware encoder, inayoipa kadi ya picha kazi ya kubana video, maana draiva (programu za kuendeshea) za kadi za zamani huangusha kazi nyingi. Ikigoma tena, ondoa na Parallel processing, inayoifanya prosesa ishughulikie fremu kadhaa kwa pamoja. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini itafika.

Umeme ukikatika na betri imekufa, MP4 iliyokuwa njiani haitafunguka, kwa sababu orodha inayoonyesha kila fremu iko wapi huandikwa mwishoni. Hakuna cha kuokoa, anza upya. Mradi wenyewe uko salama ukiwa umeuhifadhi, ila faili la .mlt halibebi video ndani yake. Linakumbuka tu zilipo. Ukihamisha folda ya klipu, itakuomba uionyeshe zilipo sasa.

Usitoe video moja kwa moja kwenye flashi. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili linalozidi GB 4, hata ikiwa ya GB 64 na tupu. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa moja ni takriban GB 3.6, harusi ya saa mbili inagomea katikati. Itoe kwenye diski ya laptopu, halafu ikate sehemu mbili, au ufomati flashi kwa exFAT, mpangilio mpya usio na kikomo hicho. Kabla ya exFAT muulize mteja ana TV gani, kwani nyingi za zamani haziisomi. TV hizohizo hutoa picha bila sauti, au sauti bila picha, ukikosea kodeki, yaani njia ya kubana picha na sauti: baki na H.264 kwa picha na AAC kwa sauti.