Nta ya njano, pasi na theluji ya Aprili: uzoefu wangu

Jumamosi moja ya Aprili nilipiga magoti katikati ya mteremko wa Arapahoe Basin, kituo cha kuteleza thelujini huko Colorado, Marekani, mbele ya darasa zima la watoto wa miaka sita. Jua la saa tano lilishaigeuza theluji uji. Nilipotoka kwenye kivuli cha misonobari na kuingia palipopigwa jua, ubao wangu wa kutelezea theluji ulinaswa kama umekanyaga ulimbo. Wenyewe ukasimama, mimi nikaendelea.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ubao ule ulikuwa umetoka dukani siku mbili kabla, kupakwa nta ya kuutelezesha kwa dola zangu 45. Nikaugeuza pale kwenye benchi. Tumbo lake, upande unaogusa theluji, lilikuwa la kijivu kinachoelekea kahawia, na michirizi ya grisi nyeusi kandokando ya vyuma vya ukingoni. Fundi alikuwa amepaka nta safi juu ya uchafu wa msimu mzima. Theluji ya mwisho wa msimu ni chafu jamani: chavua ya misonobari, vumbi linalopeperushwa kutoka majangwa ya magharibi, grisi ya mitambo inayosawazisha miteremko. Vyote vinaganda kwenye tumbo la ubao.

Basi nikaamua kujifanyia mwenyewe nyumbani, Denver. Nikanunua pasi ya kazi hiyo (ya nguo ina matundu na joto lake linapanda na kushuka), kikwangulio cha plastiki, brashi ya nailoni, na kipande cha nta ya njano, Swix PS10, cha gramu 180, ambacho ni cha hali ya hewa ya nyuzi 0 hadi 10 za Selsiasi. Nikaongeza chupa ya dawa ya kusafishia yenye harufu ya machungwa.

Hiyo chupa nitaisema haraka. Inatoa grisi, kweli, lakini inaondoka na nta yote na kuacha tumbo limepauka kama miguu isiyopakwa mafuta. Sasa naitumia kandokando tu, nafuta kwa kitambaa, naacha pakauke nusu saa.

Kilichosafisha hasa ni nta yenyewe. Unaidondoshea, unapitisha pasi iyeyuke, halafu unakwangua palepale ikiwa bado ya moto, kabla haijaganda. Mkwanguo wa kwanza ulitoka na rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake chembe nyeusi kama majani yaliyopita kwenye chujio. Wa pili ulikuwa chai ya rangi nyepesi. Wa tatu ukatoka njano safi, kama ilivyoingia. Nilikaa naangalia yale makapi na kukumbuka dola zangu 45.

Ndipo nikapaka ya kukaa. Pasi nyuzi 120, haisimami hata kidogo. Ukiona moshi, umezidisha. Tumbo ni plastiki ya poliethilini, ukiliunguza vinyweleo vinaziba na halinywi nta tena. Kabla ya hapo legeza skrubu za vifungo vya miguu, maana joto likikutana na skrubu zilizokazwa, tumbo linaweza kubonyea. Nikaacha ubao upoe saa nzima.

Baba yangu, aliyekulia kwenye majahazi Lamu, alinipigia simu ya video nikiwa katikati ya shughuli. Akakodoa macho. "Hiyo ndiyo deheni yao huko?" Deheni ni ile dawa ya kupaka jahazi chini. Nikamwambia, "Naam baba, ila haina shahamu wala chokaa." Akanitazama nikishika kikwangulio. "Sasa mbona waipaka kisha waikwangua?"

Swali zuri. Nta inayofanya kazi ni ile iliyonywewa. Inayobaki juu inavuta tu. Na majira haya brashi ndiyo yenye kazi kubwa. Theluji ikiyeyuka huweka utando wa maji chini ya ubao, vikanyonyana kama vioo viwili vilivyoloa. Tumbo lina vifereji vyembamba vya kuuvunja huo utando. Ukiviacha vimejaa nta, umejisumbua bure. Nilipiga brashi kutoka pua hadi mkia mpaka mkono ukafa ganzi.

Kwa wanaouliza kuhusu nta zenye florini: FIS, shirikisho la kimataifa la michezo ya kuteleza thelujini, ilizipiga marufuku mashindanoni kuanzia msimu wa 2023/24, na kemikali zake haziozi. Sisi wa wikendi hatuzihitaji.

Jumamosi iliyofuata nikarudi palepale, saa ileile. Kwenye mpaka wa kivuli na jua nilihisi mvuto mdogo, kama mtu kanishika shati akaachia, nikapita. Hata ile njia tambarare inayorudi kwenye lifti, ambako siku zote navua mguu mmoja na kujisukuma, niliimaliza nimesimama. Siku ya pili mchana ubao ulianza kuburura tena. Nta laini kwenye theluji chafu haiendi mbali. Ile ya kusugua kwa mkono naibeba mfukoni kama huduma ya kwanza, lakini ni mishuko miwili mitatu imekwisha.

Malalamiko? Kikwangulio kilikuja butu, ikabidi nikinoe kwa msasa. Na makapi! Tunaishi ghorofani, yakaingia hadi kwenye zulia. Mama Nuru akasimama mlangoni: "Baba Nuru, utafagia leo au nisubiri Idi?"

Ningenunua tena vyote isipokuwa ile chupa. Hela yake afadhali uongeze nta. Kipande changu kimebaki nusu, na sehemu kubwa ya kilichokwenda iko kwenye mfuko wa taka, rangi ya chai.